Vijiti vya Katikati ya Sahani

Goti la bandia la tatu lilivunjika siku ya Jumatatu, mwenyewe akiwa ngazini. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu mzima wa miaka hamsini na ushei, na alianguka mbele ya darasa zima akavunja mkono na meno mawili. Jumanne asubuhi goti lenyewe lilikuwa juu ya meza ya Bi Muhuri, limefungwa ndani ya mfuko wa nailoni, na barua ya mkurugenzi imebanwa juu yake kwa pini. Barua ilikuwa fupi. Ilisema magoti ya bandia matatu kuvunjika ndani ya miezi miwili si bahati mbaya tena, kwamba yote matatu yalitoka na muhuri wake yeye mkaguzi, na kwamba Ijumaa mkurugenzi anataka jibu lililoandikwa.

Bi Muhuri si jina alilopewa na mama yake. Alipewa na mafundi, kwa sababu hakuna chuma kilichotoka katika karakana ile ya viungo bandia bila yeye kukigongea muhuri, na muhuri wenyewe aliuvaa shingoni kwa kamba, hata msalani anakwenda nao. Alikuwa mkaguzi kwa miaka kumi na mmoja, na mdomo wake haukuwa na breki. Barua ilimuuma, tusidanganyane. Lakini kilichomtisha asubuhi ile si barua, ni namba iliyochongwa ubavuni mwa goti. Goti la mwalimu lilikuwa mia mbili na sita. Mia mbili na kumi na moja lilikuwa kwenye mguu wa mama yake.

Mama alikatwa mguu juu ya goti kwa sababu ya kisukari, akakaa kwenye kiti mwaka mzima akitukana kila aliyemhurumia. Miezi minane iliyopita alipewa mguu wa bandia, na tangu siku ile hakuna aliyemshika tena. Kila asubuhi alipanda ngazi mpaka kwenye paa la nyumba kuanika nguo, ngazi za saruji zisizo na kitu cha kushikia, na ukimwambia aache anakuuliza kama nguo zitajianika zenyewe. Mia mbili na sita na mia mbili na kumi na moja yalijengwa siku moja, kwa unga mmoja, juu ya sahani moja.

Hiyo sahani ni bamba la chuma, upana wake kama sinia. Mashine inatandaza juu yake unga wa madini ya titani, laini kuliko poda ya mtoto, tabaka jembamba kuliko unywele. Leza inapita inauyeyusha pale tu panapotakiwa, unatandazwa mwingine, leza inapita tena, hivyo hivyo mara elfu na zaidi, mpaka kesho yake magoti kumi na mawili yamesimama yamefukiwa ndani ya unga. Pamoja nayo hujengwa vijiti vitatu vya majaribio. Goti huwezi kulijaribu kwa kulivunja halafu ukamvalisha mtu, kwa hiyo vijiti ndivyo vinavyovutwa mpaka vikatike. Vikistahimili, magoti yote kumi na mawili yanagongwa muhuri. Na vijiti vya Bi Muhuri vilikuwa vinastahimili. Mwaka mzima na zaidi havijafeli hata kimoja.

Mashine ilikuwa mikononi mwa wifi yake, mke wa kaka yake. Mafundi walimwita Fundi Leza, na mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko lake. Wawili hawa walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Nafasi ya kwenda kusomea mashine ile aliiomba Bi Muhuri, akapewa mwenzake mdogo kwake kwa miaka tisa, na aliporudi na cheti chake, hata mwaka haujaisha, akaolewa na kaka mtu. Bi Muhuri alisema mbele ya watu siku ya harusi kwamba huyu mwanamke kwanza alimchukulia kozi, sasa anamchukulia ndugu, imebaki tu kumchukulia viatu. Watu wakacheka. Bibi harusi hakucheka, na hakusahau. Tangu hapo kazini walikuwa wakiandikiana barua ilhali vyumba vyao vinatazamana, na nyumbani kwa mama kila mmoja alikuwa na upande wake wa sebule.

Basi Jumanne ile Bi Muhuri alilikata goti la mwalimu kwa msumeno, akalisugua kwa msasa mpaka likang'aa, akaliweka chini ya hadubini. Ndani ya chuma mlikuwa na mapengo, na ndani ya mapengo punje za unga mbichi, mviringo, nzima kabisa, ambazo leza haikuzigusa. Akachukua mabaki ya vijiti vya sahani ile ile kutoka kabatini, akavikata, akavisugua. Safi, hata tundu la sindano hakuna. Akakaa akitazama kimoja, kisha kingine. Haikuwezekana, na alikuwa anaiona kwa macho yake.

Hakungoja saa ya kutoka, alikwenda moja kwa moja kwa mama akamwambia asipande ngazi mpaka atakapomwambia, maana lile goti huenda ni bovu. Mama alikuwa anakunja mashuka. Aliuliza limetengenezwa na nani. Bi Muhuri akasema mama anajua fika limetengenezwa na nani. Mama akaweka shuka chini akacheka, kicheko cha mtu aliyechoshwa, akasema alijua tu, ugomvi umekosa pa kutua sasa umefika mguuni kwake. Mkwe wake alimtengenezea mguu akatembea, binti yake wa kumzaa anataka kuuvua ili apate la kuandika kwenye barua zao. Alimwambia atoke, na kabla hajafika mlangoni alimsikia anapanda. Alizihesabu hatua zote ishirini na mbili. Jioni kaka alipiga simu akamwambia kwa upole unaoudhi kuliko matusi kwamba akitaka kugombana na mke wake wagombanie huko huko kazini, mama yake amwache.

Ukweli ni kwamba Bi Muhuri alijipalia makaa mwenyewe. Miaka yote alikuwa amesema mabaya ya wifi yake asubuhi na jioni, kweli na uongo, chumvi nzuri tu, na siku aliyokuja na jambo la kweli hakuna aliyekuwa na sikio la kulipokea. Alilijua hilo usiku ule kitandani, na halikumfanya ampende wifi yake hata chembe.

Jumatano aliingia chumba cha mashine bila kubisha. Wifi yake alikuwa ameketi mbele ya skrini, glavu mkononi. Bi Muhuri akaomba ramani ya sahani ya magoti yale, inayoonyesha goti gani lilikaa wapi. Fundi Leza akamwambia maombi yote ni kwa maandishi, kama anavyopenda mwenyewe. Bi Muhuri akamwambia basi atasimama hapo hapo mpaka ajionee mwenyewe, na akasimama kweli, pua kwenye kidirisha cha mashine, mikono nyuma, na wifi yake akaendelea na kazi kama pale pamesimama ndoo.

Alisimama karibu saa nzima. Mule ndani mwanga wa leza ulikuwa unarukaruka juu ya unga, na kila unapogusa hutoka kimoshi. Feni ilipaswa kuusukuma moshi nje, kupitia tundu lenye chujio upande wa kulia. Ulikuwa unasukumwa, ndiyo, lakini ulipofika pembe ya kulia ulijikusanya ukasita, kama watu kwenye mlango mwembamba, na leza ikaupiga moshi badala ya kuupiga unga. Cheche nazo zilirushwa zikaanguka pale pale. Magoti matatu ya pembe ile yalikuwa yanajengwa ndani ya ukungu. Na katikati ya sahani, mahali peupe, pasipo moshi hata kidogo, vilikuwa vinapanda vijiti vyake vitatu, vimenyooka, vinang'aa.

Alielewa mara moja, na hasira ikampanda mpaka masikioni. Aligeuka akauliza ni mwendawazimu gani anayejenga vijiti vya majaribio mahali pazuri kuliko pote, ili vifaulu wakati magoti yanaoza pembeni. Alimwita wifi yake majina ambayo siyarudii. Fundi Leza alimwacha amalize. Kisha alivua glavu, moja, ya pili, akafungua droo akatoa karatasi ndani ya bahasha ya plastiki, safi, haijakunjwa hata ncha, akaiweka mezani.

Ilikuwa barua ya mwaka jana, ya mwezi wa pili. *Kuanzia leo vijiti vyote vya majaribio vijengwe katikati ya sahani. Vya pembeni sitavipokea. Nimechoka na michezo.* Wino mwekundu, na chini yake muhuri.

Bi Muhuri alikumbuka. Wakati ule vijiti vilikuwa vinajengwa pembeni, na sahani tatu mfululizo vilikatika mapema. Mkaguzi yeyote angeuliza kwa nini pembe ile inatoa chuma kibovu. Yeye aliuliza wifi yake ana nia gani. Aliamini anawekewa vijiti vibovu makusudi, ili akatae sahani, aonekane yeye ndiye anayechelewesha kazi. Akaandika amri, akaigonga muhuri, na vijiti vikaacha kukatika. Siku ile alikwenda nyumbani akiimba, akajiona ameshinda.

"Nilikwambia pembe ile inakaa moshi," wifi yake alisema. "Ukanijibu nisikufundishe kazi. Basi nikanyamaza. Nikasema muhuri ni wake, ataanguka nao."

"Ulijua mwaka mzima?"

"Nilitii barua."

Bi Muhuri alitaka kumpiga. Aliuangalia uso ule akaona hamna hata aibu, au kama imo imefichwa vizuri, na alijua kwamba uso wake mwenyewe hauna tofauti. Akauliza swali moja tu.

"Na la mama?"

Fundi Leza alisema la mama liko katikati, ubavuni mwa vijiti. Alilipanga kwa mkono wake, na siku ile alibadilisha chujio kabla ya kuanza, akakaa na mashine tangu mwanzo mpaka mwisho. Ana ramani, akitaka ataona. Lile goti lingemzika mama na bado likabaki jipya. Ramani aliitoa, safari hii bila kuombwa kwa maandishi. Mia mbili na kumi na moja lilikuwa katikati, kweli. Mia mbili na sita lilikuwa pembe ya kulia.

Sasa nitasema lililo baya, kwa sababu lilitokea. Bi Muhuri alikaa kwenye stuli akashusha pumzi, na alichokisikia kifuani ni furaha. Mama yake alikuwa salama, na kwa dakika nzima hakumkumbuka mtu mwingine. Wifi yake aliiona furaha ile, akavuta kiti karibu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe, akaongea kwa sauti ya chini. Barua ile ichanwe. Kesho feni na chujio vibadilishwe, na vijiti vijengwe katikati na pembe zote nne, kama ilivyotakiwa iwe tangu zamani. Kwa mkurugenzi wapeleke jibu moja, kwamba walipokea pipa la unga mbovu, na unga wenyewe umeshakwisha. Nani atabisha, kama mkaguzi na fundi, wanaochukiana hivi, wamesema neno moja? Bi Muhuri akauliza ya pembe ile yaliyokwisha kutoka ni mangapi. Sahani kumi na nne tangu barua, matatu kila sahani, arobaini na mawili. Yaliyovunjika ni matatu. Yaliyobaki yamesimama, wifi yake alisema, na huenda yakasimama hivyo hivyo.

Bi Muhuri hakusema hapana. Ningependa kuwaambia alisema hapana, lakini alisema atafikiri, akatoka.

Alhamisi alasiri alikwenda kwa mama kumpa habari njema, apande ngazi zake kwa amani. Hajamaliza kuvua viatu, wifi yake naye akaingia, anahema. Alikuwa ameambiwa na mumewe kwamba dada mtu anakwenda kwa mama, na hakutaka habari ifike kwa mdomo wa adui. Wakaketi kila mmoja upande wake. Mama alikuwa kwenye kochi, miguu yote miwili chini. Bi Muhuri akasema amehakikisha, goti la mama ni zima, alikosea kumtisha. Mama akasema anajua, alimwambia. Kisha, kwa kuwa alizaliwa mdadisi, akauliza mbona la mwalimu wa hesabu, ambaye habari zake zilishamfikia, lilivunjika na la kwake likapona, wakati walipewa siku moja. Walikaa benchi moja kule kliniki, alisema. Yeye ndiye aliyemshika mkono siku ya kwanza kusimama, mwalimu mzima anatetemeka, na walichekana.

Mama aliwatazama mmoja baada ya mwingine, na pengine kunyamaza kwao pamoja ndiko kulikomtia wasiwasi, maana hakuwahi kuwaona wakikubaliana juu ya kitu. Alisema hataki maneno mawili mawili, mmoja aseme. Fundi Leza akasema, akidhani anajitetea. Alieleza pembe, na moshi, na barua nyekundu, asiache hata muhuri. Halafu akaeleza jinsi alivyoliweka goti la mama katikati kwa mkono wake, kwa sababu mama mkwe ni mama.

Mama aliuliza pole pole, kama anayetaka kuelewa tu.

"Liliwekwa katikati kwa sababu mimi ni mkwe wako."

"Ndiyo, mama."

"Na wale wengine ni wakwe wa nani?"

Bi Muhuri, aliyengoja miaka sita kumwona wifi yake amekosa la kusema, alitazama zulia. Swali lilikuwa lake pia, na mama alipogeuza macho akamtazama yeye, hakuwa na haja ya kulirudia.

Mama aliinama akafungua mikanda. Alifanya taratibu, kama kila anapotaka kulala, akauvua mguu akauweka juu ya meza katikati ya vikombe, akashusha gauni. Alisema hautarudi pale mpaka mtu wa mwisho wa pembe ile awe ameambiwa. Chakula wamletee hapo, na chooni wambebe, wao wawili, mmoja kushoto mmoja kulia. Akataka orodha. Fundi Leza alisema orodha ipo kwenye simu yake, namba za magoti, majina na simu zao, lakini wakifanya hivyo kesho wote wawili hawana kazi, na pengine kesi juu. Mama akasema ndiyo.

Ile barua nyekundu ilikuwa kwenye mkoba wa Fundi Leza. Bi Muhuri alinyoosha mkono, wifi yake akaivuta nyuma kidogo, kisha akampa. Aliiweka juu ya meza, kando ya mguu, akaipiga picha na kumtumia mkurugenzi, akaandika chini yake kwamba mwandiko ni wake, na muhuri ni wake. Fundi Leza alichukua simu ile ile mkononi mwa mwenzake akaongeza mstari mmoja, kwamba yeye alijua. Hawakutazamana. Mtu asije akadhani walipatana pale. Bi Muhuri alimwambia asome namba kwa sauti asimung'unye, na mwenzake akamwambia afungue masikio.

Wakaanza. Wifi mtu anasoma, Bi Muhuri anapiga, simu iko kwenye spika ili mama asikie. Wa kwanza alipokea, akashukuru, ikawa ni aibu kupokea shukrani zile. Wa pili alitukana, na afadhali. Wa tatu alikuwa ameshauvua mguu wiki iliyopita, alisikia ukilia ndani akaogopa. Wa nne hakupatikana, wakaweka alama. Wa tano na wa sita waliuliza sasa watatembelea nini, na Bi Muhuri akawaambia tu wasikanyage, tafadhali, wasikanyage.

Wa saba simu ilipokewa na mwanamke. Bi Muhuri alimtaja mtu anayemtaka. Mwanamke alisema mume wake hawezi kuongea sasa, yuko juu ya ngazi anapaka rangi ukuta wa jirani, kama ni kazi aache ujumbe. Nyuma yake ilisikika redio, na mtu anapiga mluzi kwa mbali.

"Mwambie ashuke," alisema Bi Muhuri. "Asikimbie. Ashuke pole pole, uzito kwenye mguu mzima."

Yule mwanamke aliuliza wao ni nani. Fundi Leza alivuta kiti akasogea kwenye simu, bega kwa bega na wifi yake, akamwambia dada, tutakueleza, mwambie kwanza. Wakasikia ndara zinakwenda nje, wakasikia anaita. Mluzi ukakatika. Mama alikuwa ameshika ukingo wa kochi kwa mikono miwili, na wote watatu wakatega masikio kusikia hatua zake ngazini.